Maswali ya Wasomaji: Jumamosi na Jumapili Bandung, kwa Manunuzi na Chakula

Barua nne zilizotufikia safari hii zinahusu Indonesia, na zote zinagusa jambo moja: namna ya kutumia siku mbili za mapumziko kwa kula vizuri na kununua vitu vya maana. Tumeziweka pamoja kwa kuwa majibu yake yanategemeana.

SWALI: Dada mwandishi, salaam. Ofisi yangu inanituma Jakarta kwa mikutano ya wiki nzima, ambayo itamalizika Ijumaa jioni, na ndege yangu ya kurudi ni ya Jumatatu usiku. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili ni zangu. Napenda kula, napenda kununua nguo na zawadi za nyumbani, ila sipendi safari za kukimbizana. Mwenzangu mmoja ananishauri niende Bali, mwingine anasema nibaki Jakarta kwenye maduka makubwa. Wewe ungefanya nini? *Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam.*

JIBU: Dada yangu, ningekwenda Bandung, na nisingeongeza mji mwingine wowote. Bali ni kisiwa kizuri, lakini ndege kutoka Jakarta hukaa angani karibu saa mbili, na ukijumlisha foleni ya kwenda uwanja wa Soekarno-Hatta, kusubiri, kushuka na kutafuta hoteli, Jumamosi yako itakuwa imekwisha kabla hujafungua mkoba. Maduka makubwa ya Jakarta nayo yamejaa bidhaa zilezile unazoziona Dubai. Bandung ni mji wa Wasunda, upo katika nyanda za juu za Java Magharibi, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake jioni inakufanya utafute kitambaa cha kujifunika mabegani. Wakazi wa Jakarta wenyewe humiminika huko kila mwisho wa juma kwa sababu hizohizo ulizozitaja, yaani kula na kununua nguo, kwa kuwa viwanda vya kufuma na kushona vimeuzunguka mji huo kwa miaka mingi.

Usiende kwa gari. Barabara ya kulipia ya Cipularang, iliyofunguliwa mwaka 2005, ndiyo iliyoifanya Bandung kuwa jirani wa Jakarta, lakini ndiyo pia inayosongamana Ijumaa jioni na Jumapili jioni. Tangu Oktoba 2023 kuna treni ya mwendokasi iitwayo Whoosh, inayofikia kasi ya kilomita 350 kwa saa. Inaondokea kituo cha Halim, mashariki mwa Jakarta, ambako unaweza kufika kwa treni nyepesi ya mjini kutoka kituo cha Dukuh Atas, katikati ya Jakarta. Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hulikosea: treni hiyo haiingii katikati ya Bandung. Kata tiketi ya kushukia Padalarang, si Tegalluar ambacho ndicho kituo cha mwisho, kwa sababu Padalarang utaunganisha na treni ndogo inayokupeleka hadi kituo cha kale cha Bandung, na nauli yake imo ndani ya tiketi ileile. Kutoka Halim hadi Padalarang ni takriban nusu saa, na kutoka hapo hadi mjini ni dakika ishirini hivi. Bei hupanda na kushuka kulingana na siku na saa, basi nunua mapema. Ikiwa mtu ana nafasi, treni ya kawaida ya kutoka Gambir, kituo kilicho katikati ya Jakarta, huchukua karibu saa tatu na hupita juu ya madaraja marefu yanayovuka mabonde ya mpunga na chai. Mimi ningeipanda wakati wa kwenda kama ningekuwa na siku tatu. Wewe una mbili.

Jumamosi, ondoka Jakarta alfajiri. Ukifika, acha mzigo hotelini hata kama chumba hakijawa tayari, kisha nenda Pasar Baru, jengo la ghorofa nyingi lililo karibu na kituo cha treni. Huko ndiko kuliko vitambaa vya jora, saruni, mitandio, na mukena, ambayo ni vazi la kusalia la wanawake, jepesi na lenye darizi pembeni. Sijui zawadi inayomfurahisha mama mkwe zaidi ya hiyo. Wafanyabiashara wa Malaysia huja kununua hapo, kwa hiyo wauzaji wamezoea wateja wa kigeni na hawatakushangaa. Tazama ghorofa mbili au tatu tu. Nimeona watu wakitaka kulimaliza jengo lote, wakatoka saa nane mchana wakiwa wamechoka, hawajala, na wamenunua vitu ambavyo hawakuvihitaji.

Mchana kula *nasi timbel*. Ni wali uliofungwa ndani ya jani la mgomba ungali moto, ukakamata harufu ya jani, nao huletwa pamoja na kuku wa kukaanga, tofu, tempe (soya iliyochachushwa na kugandishwa), samaki mkavu wa chumvi, majani mabichi ambayo Wasunda huyaita *lalapan*, na pilipili ya kusaga. Huliwa kwa mkono. Utaletewa kibakuli cha maji chenye kipande cha ndimu; ni cha kunawia, si cha kunywa.

Alasiri nenda Jalan Riau, ambayo kwenye ramani imeandikwa Jalan R.E. Martadinata, ujionee maduka ambayo wenyeji huyaita FO, kifupi cha *factory outlet*, yaani duka la bidhaa za kiwandani. Yalianza kwa kuuza nguo zilizozidi oda, au zenye kasoro ndogo, kutoka viwanda vilivyokuwa vikishonea kampuni za nje. Siku hizi nguo nyingi zilizomo zimeshonwa kwa ajili ya maduka hayo tangu mwanzo, na lebo yenye jina kubwa haithibitishi chochote, kwa hiyo chunguza mshono, zipu na uzito wa kitambaa kana kwamba lebo haipo. Mashati ya kiume na nguo za watoto ndivyo vyenye thamani halisi. Cihampelas, mtaa uliopata jina kwa suruali za jinzi, hauna tena mvuto huo kwa maoni yangu, na ukikosa muda wa kufika huko hutajuta.

Usiku ndio ninaokuandikia kwa hamu zaidi. Tafuta kibanda cha *surabi*. Mwanamke huketi nyuma ya safu ya vyungu vidogo vya udongo vilivyopangwa juu ya mkaa, kila kimoja na kifuniko chake cha udongo kilichopata weusi wa moshi. Humimina upawa mmoja wa rojo la unga wa mchele na tui, hufunika, hungoja, kisha hufunua na kuvuta kingo kwa kijiti. Chini huwa pameshika rangi ya kahawia na kunukia kama ukoko, katikati ni laini, na juu pana vitundu vidogo. Mtu aliyekulia pwani atajua mara moja amekutana na nani: ni ndugu wa vibibi vyetu, amezaliwa upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Surabi tamu humwagiwa *kinca*, yaani sharubati nzito ya sukari ya mnazi-pori iitwayo *aren*. Surabi ya chumvi hutiwa *oncom*, chakula kilichochachushwa chenye ladha kali kidogo. Agiza moja ya kila aina, ule palepale, kwa sababu surabi iliyopoa si surabi tena.

Jumapili asubuhi barabara ya Dago hufungwa kwa magari kwa saa chache, na familia nzima hutoka kutembea na kula. Hapo utapata *batagor*, jina lililofupishwa kutokana na maneno ya Kiindonesia yenye maana ya kababu na tofu vya kukaanga: ni kinyunya cha samaki kilichojazwa ndani ya tofu, kikakaangwa mpaka kikauke nje, kikakatwakatwa na kumwagiwa mchuzi wa karanga na tone la ndimu. Kabla ya saa sita kula *mie kocok*, tambi katika supu ya kongoro, na mtu anayependa supu ya makongoro ya Dar hatahitaji kuelezwa zaidi. Ukipenda viatu vya ngozi, chukua gari hadi Cibaduyut, kusini mwa mji, kwenye mafundi wanaoshona wenyewe. Kisha rudi Jakarta kwa treni ya alasiri, mapema, wakati walio barabarani bado hawajaanza kusongamana.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi nauza vitambaa Mombasa. Mwaka jana jamaa aliniletea kutoka Jakarta vipande ishirini alivyoambiwa ni batiki ya mkono. Mteja wangu mmoja alikigeuza kimoja, akanionyesha upande wa pili karibu mweupe, akasema hii ni chapa ya mashine. Niliona haya. Sasa ninakwenda mwenyewe. Nitaitambuaje batiki ya kweli? *Mfanyabiashara, Mombasa.*

JIBU: Kaka, pole, na haya hayakukupata peke yako. Mimi nami, mara ya kwanza nilipofika Java, nilitoka katika duka moja la kitalii nikiwa na vipande vinne nilivyovilipia bei ya kazi ya mkono, na fundi wa kwanza niliyemwonyesha alivirudisha mikononi mwangu kwa upole bila kusema neno. Nilielewa. Tangu siku hiyo sinunui mahali ambapo muuzaji hawezi kunieleza kitambaa kimetengenezwa vipi.

Kuna vitambaa vya aina tatu, na vyote vitauzwa kwako kwa jina moja. Cha kwanza ni *batik tulis*, yaani batiki ya kuandika. Fundi, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huchota nta iliyoyeyushwa kwa kalamu ndogo ya shaba yenye kijidomo, iitwayo *canting*, akachora ua baada ya ua. Mahali palipofunikwa kwa nta hapapokei rangi. Kitambaa huchovywa, nta huondolewa kwa maji yanayochemka, na kazi hurudiwa kwa kila rangi, ndiyo maana kipande kimoja kizuri huweza kuchukua wiki au miezi. Cha pili ni *batik cap*, ambapo nta hugongwa kwa muhuri wa shaba. Hii nayo ni batiki halali, ya nta na ya mkono, ila ni ya haraka zaidi na ya bei nafuu. Cha tatu ni kitambaa kilichopigwa chapa kiwandani kwa michoro ya batiki, bila nta hata tone. Hicho si kibaya kwa shati la kazini, lakini muuzaji mwaminifu hatakiita batiki ya mkono.

Sasa kishike mkononi. Kigeuze kwanza, kama alivyofanya mteja wako, kwa sababu nta na rangi hupenya, na batiki ya kuandika husomeka pande zote mbili. Hata hivyo usiishie hapo, maana viwanda vingine vimejifunza kupenyeza rangi. Chagua ndege mmoja au ua moja katika mchoro, kisha tafuta mwenzake umbali wa shubiri mbili. Katika batiki ya kuandika hawatafanana kabisa: bawa moja litakuwa nene kidogo, nukta zitakuwa zimeongezeka au kupungua, kwa sababu mkono uliozichora ulipumua kati yake. Katika batiki ya muhuri vitafanana, lakini utaona mahali muhuri ulipoungana na muhuri, mstari haukukutana sawasawa. Katika chapa ya mashine kila kitu kitafanana, na hata kosa litajirudia mahali palepale. Mwisho kinuse. Batiki mpya mara nyingi huwa bado na harufu ya nta.

Bei nayo husema kweli. Ukiambiwa batiki ya kuandika kwa rupia 75,000, ambazo hazifiki dola tano, umeambiwa uongo, hata kama anayekuambia anatabasamu. Kwa biashara yako ningenunua zaidi ile ya muhuri ya pamba, na vipande vichache vya kuandika kwa wateja wanaojua. Michoro ya Java Magharibi itawavutia watu wa Mombasa, hasa *mega mendung* ya Cirebon, mawingu yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kutoka buluu iliyokolea hadi nyeupe. Na kwa kuwa unauza vitenge, wateja wako wafahamu kwamba kitenge cha waksi ni mjukuu wa batiki hii: Waholanzi, waliokuwa wakiitawala Java, waliiga kazi ya mafundi wake kwa mashine katika karne ya 19, na vitambaa hivyo vikapata soko kubwa zaidi Afrika. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, Uholanzi, inayojulikana na wauzaji wote wa waksi, ilianzishwa mwaka 1846.

Usiwaache wateja wako waifue batiki kwa sabuni kali ya unga. Wajava hutumia tunda liitwalo *lerak*, linalotoa povu jepesi, na maduka ya batiki huuza maji yake kwenye chupa. Beba kadhaa, uuze pamoja na vitambaa.

Ukiwa huko siku ya Ijumaa, utaona makarani, walimu na mabosi wakienda kazini wamevaa batiki. UNESCO iliiandika batiki ya Indonesia katika orodha ya urithi wa binadamu tarehe 2 Oktoba 2009, na tarehe hiyo sasa ni siku ya batiki nchini humo.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi na mume wangu tutapita Indonesia tukitoka kumtembelea binti yetu anayesoma Malaysia. Tumeambiwa ni nchi ya Waislamu, basi je, tule popote bila kuuliza? Na mume wangu hawezi pilipili. *Mama wa watoto watano, Unguja.*

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Ulizeni, lakini msiwe na wasiwasi. Wasunda wengi ni Waislamu, na chakula chao cha kila siku ni halali. Sheria namba 33 ya mwaka 2014 inadai cheti cha halali, na tangu 18 Oktoba 2024 sharti hilo linawahusu wazalishaji wakubwa na wa kati wa vyakula na vinywaji. Chakula kisicho halali hutakiwa kutangazwa wazi kuwa hivyo. Bandung ina pia Wachina wa miaka mingi wenye mikahawa yao, baadhi ikipika nguruwe, nao kwa kawaida huandika mlangoni. Neno la kulikumbuka ni *babi*, yaani nguruwe. *Ayam* ni kuku, *sapi* ni ng'ombe, *ikan* ni samaki. Katika vibanda vya wali wa kukaanga vyenye mapishi ya Kichina, ulizeni pia kuhusu *angciu*, mvinyo wa kupikia, ambao mgeni hawezi kuutambua kwa macho. Mtaona vilevile *peuyeum*, muhogo uliochachushwa kwa hamira, umening'inizwa mbele ya maduka. Wenyeji wanaula, ila una ukali wa uchachu; amueni wenyewe.

Kwa mzee, semeni *tidak pedas*, bila pilipili. Mara nyingi pilipili huletwa pembeni, kwenye kibakuli au kinu kidogo cha mawe, kwa hiyo si vigumu kuikwepa, isipokuwa katika *seblak*, chipsi zilizolainishwa ndani ya mchuzi, ambayo hupikwa nayo. Majani mabichi ya *lalapan* ni matamu, lakini kwa tumbo lisiloyazoea ningengoja yaliyochemshwa. Kila duka kubwa lina chumba cha kusalia, na msikiti mkuu wa mji uko kwenye uwanja wa *alun-alun*, hatua chache kutoka Gedung Merdeka, jengo ambamo nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Aprili 1955.

Kisha kuna jambo ambalo mtu wa Unguja atalihisi kabla ya mtu mwingine yeyote. Barabarani mtanusa karafuu. Ni sigara za *kretek*, zinazochanganywa na karafuu iliyokatwakatwa, na kwa miaka mingi karafuu hiyo ilinunuliwa Unguja na Pemba, mpaka Indonesia ilipopanda mikarafuu ya kuitosheleza. Mbegu ya mti wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, vya hukohuko. Sivuti, wala simshauri mtu avute, lakini mara ya kwanza harufu ile iliponifikia pale Bandung nilisimama nikageuka, nikidhani nimesikia mtu wa nyumbani akipita.

SWALI: Hujambo dada. Nitakuwa Bandung siku mbili. Naomba unieleze kwa ufupi kuhusu fedha, kupatana bei, na mzigo wa kurudi nao. Sijui Kiindonesia hata neno. *Kijana wa Nairobi.*

JIBU: Unayajua zaidi ya unavyodhani. Salamu yao ni *apa kabar*, na hiyo *kabar* ni habari yako. Dunia kwao ni *dunia*, bendera ni *bendera*, meza ni *meja*, sabuni ni *sabun*. Muuzaji mwanamke mwite *Teh*, ufupisho wa neno la Kisunda la dada. Mwanamume mwite *Kang*, au *Pak* akiwa mtu mzima. Ukishukuru kwa *hatur nuhun* badala ya neno la Kiindonesia, uso wa Msunda hubadilika, na mara nyingine bei pia.

Noti kubwa kabisa ni ya rupia 100,000, ambayo ni kama dola sita. Wauzaji hudondosha maelfu: akisema *seratus*, mia moja, anamaanisha laki moja. Maduka makubwa hupokea kadi, ila vibandani beba noti ndogondogo. Kwenye FO bei haishuki. Ukiona maandishi *harga pas*, usijisumbue. Pasar Baru patana, kwa upole, ukisema *boleh kurang, Teh?*, na ukinunua vitatu badala ya kimoja utapunguziwa bila mabishano. Kwa usafiri, pikipiki na magari ya kuita kwa simu ni nafuu. Ukipenda kupanda *angkot*, ambayo ndiyo matatu yao, unapotaka kushuka sema *kiri*, yaani kushoto, naye dereva atasogea pembeni ya barabara.

Nunua begi la ziada palepale Pasar Baru, kwa sababu utalihitaji. Kahawa ya milima ya Priangan chukua ya punje, si ya unga, ili harufu ifike nyumbani. Chipsi za muhogo na tempe zipange juu kabisa zisivunjike. Pilipili za chupa zifunge kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi la kukabidhi uwanjani, katikati ya nguo ambazo si nyeupe, na batiki yako iweke mbali nazo, kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege.